Ofisi ya Kuhamisha Makaburi, Darasa la Sita

Ukungu uliingia darasani kabla ya watoto. Ulipita kwenye dirisha lililovunjika kioo, ukatambaa juu ya madawati, ukatulia sakafuni kwenye bonde lililochorwa kwa chaki: mto, zizi la kondoo, nyumba kumi na nne, na msalaba mdogo kando ya kila nyumba. 'Makhauhelo alisimama mlangoni akilitazama. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu aondoke na hakuna aliyelifuta. Watoto walikuwa wakiruka mistari ile wanapofagia.

Jina lake lilikuwa la bintiye. Wakwe zake walimpa siku alipoolewa, kama wafanyavyo Wasotho, kabla hata hajapata mimba: wewe utakuwa 'Makhauhelo, mama wa Khauhelo. Mtoto alipokuja akalikuta jina linamngoja. Sasa Khauhelo alikuwa amezikwa, msichana wa miaka kumi na tisa, na jina limebaki kwa mama, likiitwa tangu asubuhi hadi jioni na watu wasiothubutu kumwuliza neno juu ya mwenye jina. Naye, tangu mazishi, hakuwahi kulitamka. Alihisi kwamba siku litakapomtoka mdomoni atamwagika pamoja nalo, asizoleke tena.

Ndiyo maana alikuwa ameamua kujitoa.

"Ntate Motlatsi," alimwambia mtafiti wa chuo kikuu, aliyekuwa akivuta kiti chake cha kila siku kule nyuma ya darasa, "naomba darasa langu litoke kwenye utafiti wako."

Motlatsi, kijana mrefu aliyejitanda blanketi la Kisotho lililomfika magotini, aliacha kiti kikaning'inia mkononi. "Nimekukosea, 'm'e?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisotho kama yeye alivyomwita baba.

"Hapana, hujanikosea. Ufundishaji huu unataka mwalimu akae aulizwe maswali. Mimi kwa sasa siwezi kuulizwa."

Motlatsi aliitikia kwa kichwa polepole, bila kumbishia. Tangu Januari walikuwa wakifundisha hivyo: watoto wanakuwa ofisi inayohamisha makaburi ya bonde litakalofunikwa na maji ya bwawa, na mwalimu anakuwa mtu wa bondeni. Wao ndio wanaouliza, wanaopima, wanaobishana na kukata shauri. Motlatsi huandika maswali yao, kwa sababu alitaka kujua swali la mtoto hukua vipi.

"Basi waage watoto kwanza, 'm'e," alisema. "Ukiuacha mchezo bila neno watakuja kunimaliza mimi."

Kengele ililia, sauti yake ikafika ikiwa imelowa ukungu. Watoto wakaingia wakisukumana, wakamwona amesimama mbele, na mara moja wakaacha kusukumana.

Hawakujua kitu. Watoto hawaambiwi kifo. Mwalimu mkuu aliwaambia kwamba 'm'e amekwenda kwao, basi. Kwao kulikuwa ng'ambo ya milima miwili, hakuna aliyeweza kuwaletea habari. Walichokiona ni kitambaa cheusi alichokishikiza begani kwa pini. Na sheria ya darasa, aliyoitunga yeye mwenyewe, ilikuwa hii: mwalimu akiingia na kitu begani kisicho chake cha kila siku, si yeye. Blanketi la kijivu lilikuwa la bibi mwenye kondoo. Taulo lilikuwa la dereva. Utamwuliza huyo mtu mpaka mwalimu akivue.

Tlali, mkuu wa ofisi, mvulana mwenye masikio makubwa, alikuwa tayari anaburura meza.

"Ofisi iko wazi! Kaeni, jamani! Karani, kitabu!"

"Kitabu ninacho tangu Februari," akajibu Puseletso, karani. "Wewe futa kamasi kwanza. Mkuu mzima!"

Wakacheka, kisha nyuso zote zikageuka kwa mwalimu, zimetulia, zina adabu ya kazi. Tlali akamwekea kiti.

"Karibu, 'm'e. Tulikungoja sana. Pole kwa safari. Umetoka upande gani wa bonde?"

Hapo ndipo 'Makhauhelo alipoelewa wamedhani nini. Kule nyuma Motlatsi alikuwa ameelewa kabla yake. Alisimama nusu, kalamu mkononi, akingoja ishara. Mkono wa mwalimu ukapanda begani wenyewe. Avue kitambaa, awe yeye, mchezo uishe.

Vidole viligusa pini, vikaganda. Kitambaa kile cha msiba havuliwi mtu darasani, wala havui mwenyewe. Siku ya kukitoa ni ya wazee wa ukoo, miezi mingi ijayo, tena kwa sherehe. Akaona njia zote mbili zimefungwa, kwa sheria ya watoto na kwa desturi ya watu wazima, na katikati pamebaki kiti.

Akaketi.

"Upande wa juu," alisema. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka ramani ya ukutani ikapotea, na kwa muda alihisi kwamba bonde la chaki ndilo lililokuwa la kweli, na shule imechorwa pembeni yake.

"Umemwacha nani kule, 'm'e?"

"Mtoto."

"Mkubwa au mdogo?"

"Wa kwanza."

"Jina?" Tlali akainama mbele. "Hatuwezi kumhamisha mtu asiye na jina."

"Mpe nafasi, wee!" Puseletso alimkemea. "Unauliza kama polisi aliyeibiwa mbuzi wake!"

Kicheko kikapita, kikaisha. Wakangoja. Alikuwa amewafundisha kungoja, kwamba swali likishatolewa usilifuate mbio. Sasa kungoja kule kukamzunguka kama maji yanayopanda bila sauti, yakifunika zizi, yakifunika nyumba moja moja.

"Khauhelo," akasema.

Alishika kiti, akasubiri kumwagika. Machozi yalishuka mashavuni yakafika kidevuni, lakini yeye alikuwa bado ameketi, mzima, na watoto bado walikuwa mbele yake.

Puseletso alikuwa ameandika herufi nne. Akasimamisha kalamu, akalitazama jina, akamtazama mwalimu, akatazama kitambaa.

"'M'e," alisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto sasa, si ya karani. "Hiki ni chako wewe?"

"Ni changu."

Tlali akajishika masikio kwa aibu. "Tusamehe, mwalimu. Sisi tulidhani..."

"Najua mlichodhani. Niliwafundisha mimi." Alijifuta kidevu kwa kiganja. Angeweza kusimama hapo, kuwaambia mchezo umekwisha, na kwenda zake. Badala yake alisikia kinywa chake kinasema, "Mbona umeacha kuandika, karani? Ofisi imefungwa?"

Puseletso alimalizia jina, polepole, kwa mwandiko wake bora. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Unataka tumhamishe?"

"Hapana. Yuko vizuri. Tumemlaza akiangalia jua linakotoka."

"Basi sisi hatuna kazi naye," alisema Tlali kwa tahadhari. Akafikiri. "Lakini kitabuni lazima pajazwe. Alikuwa anapenda nini?"

Hakuna mtu mzima aliyemwuliza hilo. Wote walileta unga, walileta mishumaa, waliimba vizuri.

"Ukoko," alisema. "Ukoko wa ugali. Alikuwa akikwangua chungu mpaka kinalia, nami namwambia, mwanangu, utatoboa chungu cha bibi yako! Siku moja akakitoboa kweli." Akacheka, na kicheko kikamshangaza kwa ubichi wake.

"Kakitoboa!" Seabata, wa dawati la mwisho, alirudia kwa heshima kubwa. "Bibi alisemaje?"

Akawaambia alivyosema bibi. Ukungu ulianza kupanda dirishani, mlima ukatoa bega moja nje.

Motlatsi alisogea mpaka karibu, akainama. "'M'e, niandike haya, au niache?"

"Andika. Darasa litabaki." Kisha akawageukia watoto. "Kitambaa hiki kitakaa na mimi mpaka mwaka uishe, kwa hiyo tubadili sheria. Alama itakuwa kofia. Nikiwa na kofia, mnamwuliza mtu wa bondeni. Nikiwa kichwa wazi, mnaniuliza mimi."

Akafungua kilemba chake. Nywele zilizonyolewa kwa mazishi zilikuwa zimeanza kuota, fupi, nyeusi tii. Watoto wakazitazama bila kucheka.

Kisha Seabata akanyoosha mkono, na Puseletso, na mwingine kando ya mlango.