Telegramu ya Saa Tano

Dada yangu Lavinia alikuwa bingwa wa tenisi wa wanawake mara tatu mfululizo, na mimi Drusilla ndiye niliyembebea raketi. Sikumwonea kijicho hata siku moja. Nilimpenda kupita kiasi, na ndiko kulikotuponza.

Zama zile bingwa hakucheza mechi za awali. Alimngoja mshindi wa mechi hizo, akacheza naye siku ya mwisho. Julai ile tulimwacha mama kitandani, mgonjwa wa mapafu, tukaenda London. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufukuza, akimwita Lavinia kwa jina lake la nyumbani, Vinnie.

"Nendeni huko! Mtanikodolea macho mpaka lini? Vinnie, ukirudi bila kombe nakufungia mlango!"

Siku ya mechi, saa tano asubuhi, telegramu ikaletwa hotelini. Lavinia alikuwa chumbani anavaa. Niliipokea mimi. Baba yetu, kasisi bahili hata wa maneno, asingetuma telegramu kwa jambo dogo. Mama amekufa, nikajiambia.

Na kwetu binti aliyefiwa huvaa nyeusi mwaka mzima. Hachezi wala hacheki mbele za watu. Akiisoma tu, kombe limekwenda bila mpira kupigwa. Maiti hana haraka, niliwaza, atamlilia jioni. Nikaitia bahasha mfukoni bila kuifungua.

"Nani huyo mlangoni?" Lavinia akauliza akitoka chumbani.

"Dobi, dada. Kaleta soksi."

"Mbona umepauka hivyo? Nacheza mimi, unaogopa wewe. Mwoga we!"

Alicheza kuliko siku zote, sketi ndefu ikiburuzika kwenye nyasi. Aliposhinda alinitafuta kwa macho, akaniinulia raketi huku anacheka. Watu elfu mbili walimwona akicheka.

Jioni nikampa bahasha ile ya asubuhi, ingali imefungwa. Aliisoma kwa sauti: "Mama anamwita Lavinia. Pandeni treni ya saa saba."

"Hukuifungua, Dru?"

"Nilidhani amekwisha kufa."

"Ulidhani," akasema, akaanza kufunga mizigo.

Tulipofika nyumbani, baba alitupokea mlangoni. Mama alikata roho saa kumi na mbili jioni, akasema. Tangu alasiri, kila gari la farasi likipita barabarani, aliuliza, "Ndiye Vinnie huyo?"

Lavinia alimsikiliza mpaka mwisho, akapanda juu kuvaa nyeusi. Raketi hakuishika tena. Alikufa ana miaka sitini na mmoja, na nyeusi ile hakuwahi kuivua.