Umri wa Mbu

Mbu alilala juu ya kipande cha kioo, na Mwanawema binti Silima akampasua kwa sindano mbili nyembamba. Alivuta ncha ya tumbo polepole, kifuko cha mayai kikatoka, akainamia hadubini. Ndani yake mlikuwa na nyuzi. Zikiwa zimejikunja, mbu huyo ni kigori, hajataga bado. Zikiwa zimenyooka, ametaga, ni mtu mzima. Na zikishanyooka hazijikunji tena.

Mwanawema alikuwa mshona kofia wa Wesha. Mwaka 1961, ofisi ya malaria ya Chake Chake ilipotafuta mikono isiyotetemeka, ikamwajiri yeye. Miezi ya mwanzo alihesabu, akaandika, akaenda zake nyumbani. Lakini kupima umri wa mdudu bila kujua sababu kulimkaa rohoni, na siku moja akamuuliza mkuu wake, Bwana Hashil, kijana wa Kimanga aliyezirudia kanuni zake za hesabu kama watu wanavyorudia uradi.

"Umri wa mbu unatufaa nini, Bwana Hashil?"

Hashil alifurahi kuulizwa. "Mbu akimuuma mgonjwa leo, kesho hawezi kumwambukiza mtu. Vijidudu huchukua siku kama kumi na mbili kukomaa ndani yake. Tuseme kila siku, katika mbu kumi wanabaki hai tisa. Siku ya kumi na mbili, katika mia watakuwapo ishirini na wanane. Je, dawa tunayopiga ukutani, mbu wanapotua, ikifanya wabaki sita tu katika kumi?"

Mwanawema alizidisha mwenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka jasho likamtoka.

"Wawili," akasema. "Wawili katika elfu!"

"Basi, Bi Mwanawema, hatuna haja ya kuua mbu wote wa Pemba. Tunataka wasizeeke tu."

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, mbu walioletwa kutoka Pujini walikuwa karibu wote watu wazima, ilhali nyumba za huko zilipigwa dawa Februari. Hashil alikokotoa mara tatu.

"Wameizoea dawa," akasema, akaanza barua ya kwenda Unguja: upigaji dawa Pujini usimamishwe, dawa iliyobaki ipelekwe kwingine. Watoto wa huko walikuwa wakitetemeka kwa homa, mmoja alikwishazikwa.

"Hesabu ndivyo isemavyo?" Mwanawema akauliza.

"Inasema wanaishi sana."

"Kwa nini?"

Hashil aliiweka kalamu chini. "Hilo haisemi."

"Basi nipe siku moja kabla barua haijaondoka."

Kesho yake asubuhi alibisha hodi Pujini, kwa Bi Mwatum. Mjukuu wa bibi huyo alilala mkekani, midomo imemkauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Mwanawema alipitisha kiganja ukutani. Udongo ulikuwa laini, mwekundu, mpya.

"Umekandika lini, bibi?"

"Ramadhani, kumi la mwisho. Idi inikute na ukuta wenye madoa meupe ya dawa yenu, niaibike mbele ya wageni?" Kisha akauona uso wa Mwanawema. "Kwani nimekosa?"

Dawa ilikuwa chini ya udongo ule, na mbu walitua juu yake kwa raha zao. Mwanawema alimtazama mtoto. Angeweza kusema ndiyo.

"Hapana, bibi. Sisi hatukuuliza."

Alipita nyumba kumi na nne; kumi na mbili zilikuwa zimekandikwa upya. Barua iliyokwenda Unguja ikawa nyingine: Pujini ipigwe dawa tena, na kuanzia mwaka ujao wapigaji waje baada ya Idi. Jibu lilikawia wiki tatu. Kufikia mwisho wa Juni, wengi wa mbu wa Pujini walikuwa vigori.

Hashil sasa alitaka kalenda ya ukandikaji ya Pemba nzima. Walianzia Tumbe, yeye amebeba jedwali alilolichora kwa rula. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Vuai, mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akifunga tenga nyuma ya baiskeli.

"Nyumba yako huikandika mwezi gani, mzee?" Hashil akauliza.

Mzee Vuai alifikiri sana. "Inategemea nani anakuja."

Hashil alibaki na kalamu hewani, akitafuta mahali pa kuliandika jibu hilo. Mwanawema alikuwa amekwishavua viatu na kukaa barazani.

"Na mwaka huu, baba," akauliza, "anakuja nani?"