Kimya cha Kwenye Simu

Muziki ulianza usiku wa kwanza kabisa, Mwalimu hata hajafungua begi. Ulitoka kwenye ukumbi wa dansi ulio ng'ambo ya barabara, ukapanda mpaka ghorofa ya tatu bila kupiga hodi, ukaingia chumbani kama mtu mwenye ufunguo wake. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Glasi mbili zilizokuwa mezani zikaanza kugongana zenyewe. Mwalimu, aliyekuwa safarini tangu jana yake, akaketi kitandani akamgeukia mumewe.

"Fundi, kuna harusi?"

"Hamna. Ndivyo kulivyo hapa." Mumewe akatoa pamba kwenye droo, akajaza masikio, akageukia ukutani, na punde si punde akawa anakoroma.

Wameitana hivyo tangu uchumba. Yeye ni Mwalimu kwa sababu alifundisha chekechea, na mumewe ni Fundi kwa sababu anapaka rangi nyumba za watu. Mumewe ana jina jingine la zamani, Disko, ambalo halitajwi mbele ya mama mkwe. Enzi za ujana wake hakuna dansi lililokesha bila yeye, na mama yake Mwalimu aliikataa posa kwa sababu hiyo hiyo. "Simpi mwanangu mtu wa kukesha," alisema, na ikabidi Fundi aape mbele ya wajomba kwamba mambo hayo ameachana nayo. Mama akakubali shingo upande. Hata siku ya kumsindikiza mkwewe kwenda ughaibuni alimshika mkono akamwambia, watu wote wakisikia, "Siku nikisikia ngoma nyuma ya sauti yako, nitamwambia mwanangu asikusubiri."

Fundi akaenda. Mwalimu akasubiri miaka minne, akiishi kwa simu ya kila usiku, mpaka karatasi zake zilipokamilika naye akaacha darasa lake, akagawa vyombo vyake, akamfuata.

Sasa alikuwa hapa, na halali. Alijaribu pamba, akaona inazuia sauti lakini haizuii lile besi linalopita kwenye kitanda na kupanda mgongoni. Alijaribu mto juu ya kichwa akakosa pumzi. Walisogeza kitanda upande wa jikoni, wakaziba dirisha kwa mataulo, muziki ukawa kama mlevi aliyefungiwa nje, haingii lakini haondoki. Asubuhi Mwalimu alikuwa na macho mekundu na hasira za bure. Alimgombeza hata birika.

Ndipo siku moja mchana alipokutana ngazini na Bi Funguo. Huyu alikuwa msafishaji wa jengo, mtu wa lugha moja na wao, aliyetangulia kufika nchi ile kuliko wote na kukabidhiwa funguo za kila mlango. Alikuwa amekalia ndoo yake akipumzika.

"Umeshazoea?" Bi Funguo akauliza, akimwangalia macho.

"Nitazoea vipi, mama? Wameanza lini hawa?"

"Wameanza? Mwanangu, mimi nimeukuta. Tumelalamika mpaka tumechoka kulalamika. Mwenye ukumbi ana kibali, basi. Mimi nimeamua nalala mchana." Akacheka. "Mumeo naye usiku wake wa kwanza alishuka kunigongea, eti, mama, huwa unakwisha saa ngapi? Nikamwambia ukiwa na bahati, saa nane."

"Usiku wake wa kwanza kwenye hii nyumba?"

"Usiku wake wa kwanza kwenye hii nchi. Si alikuja hapa moja kwa moja na begi lake? Ufunguo nilimpa mimi kwa mkono wangu. Na tangu hapo hajahama, na ule muziki haujakosa hata siku ya mvua."

Mwalimu akaaga, akapanda. Mlangoni mwake akajikuta amesimama na ufunguo mkononi, hakumbuki kuutoa. Kila usiku, miaka minne, Fundi alimpigia saa zile zile ambazo ukumbi unatikisa mtaa. Na nyuma ya sauti yake hakukuwa na kitu. Hakukuwa na ngoma, gari, wala mlango. Palikuwa na kimya.

Mtu mwingine labda angelipuuza. Lakini mwalimu wa chekechea hababaishwi na kelele. Watoto wakipiga kelele ujue wapo na wazima. Wakinyamaza ghafla ndipo unapoacha chaki na kukimbia, maana kuna mmoja ana mkasi na mwenzake hana nywele. Kimya kile cha simu, ambacho kwa miaka yote aliona ni adabu ya mume aliyetulia, sasa kilimtia baridi.

Na mengine yakaanza kuja yenyewe. Fundi alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, sauti nzito iliyozibwa, kama aliyejifunika blanketi. Mwalimu alikuwa akiona ni mapenzi. Sasa akajiuliza ni nani alikuwa hatakiwi kuamshwa. Halafu kule kuhema. Zilikuwapo siku alipokea simu na mtu anahema kweli kweli, naye akauliza kulikoni, akajibiwa, "Nimepanda ngazi tu." Ngazi gani hizo za kupandwa usiku, na mtu ametoka kazini jioni? Na ile video. Jumapili mchana Fundi alikuwa tayari kuonekana mpaka meno ya mwisho. Usiku hata mara moja. Usiku bando lilikuwa limekwisha.

Jioni ile dada yake mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani. Hata salamu hazijakwisha, ukumbi ukaanza.

"Hee! Mko baa?" dada akauliza.

"Tuko nyumbani, dada."

"Nyumbani gani kuna bendi? Kumbe yule Disko wetu bado ni Disko!"

Mwalimu akaingia jikoni, akafunga mlango, akamweleza dada yote, kile kimya, ile sauti ya chini, kule kuhema. Hakupaswa. Dada yake ni mtu ambaye ukimpa kijiti cha kiberiti anatafuta petroli mwenyewe.

"Mdogo wangu, hilo halihitaji kufikiri. Alikuwa analala kwingine. Kwa mwenye nyumba yenye kimya."

Maneno hayo yalimkaa kichwani siku nyingi. Aliona njama kila mahali. Shati lenye madoa ya rangi ya waridi, akajiuliza ni chumba cha nani kinapakwa waridi. Fundi akachelewa nusu saa, Mwalimu akamnusa. Na kulikuwa na kabati la ukutani pale kwenye korido, ambalo Fundi aliliegemezea ngazi yake ya kazi tangu Mwalimu alipofika. Aliwahi kumwomba atundike humo magauni, Fundi akaruka kama aliyekanyaga moto. "Hapana, humo ni makopo tu, yatakuangukia." Siku ile aliona ni huruma. Sasa hakuona huruma popote.

Mwishowe akashindwa kuvumilia. Walikuwa mezani, Fundi hana hili wala lile, anapuliza chakula.

"Miaka ile ulikuwa unakaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulikuwa unanipigia kutoka wapi?"

Kijiko kikasimama. "Hapa hapa, Mwalimu. Kwa nini?"

"Mbona sikuwahi kusikia muziki?"

Fundi akatazama sahani yake. Masikio yake yakawa kama yanawaka. "Labda siku zile walikuwa wanaupunguza," akasema.

Mwalimu akaondoka mezani. Laiti angebisha, angefoka, angemwita mwenda wazimu, angemwelewa. Lakini alikuwa amedanganywa kizembe, kama anavyodanganya mtoto mwenye sukari mdomoni. Usiku kucha alilala akitazama ukuta, muziki unapiga, na kilichomuuma hakikuwa muziki. Alikuwa amekataa wanaume wa maana kwa ajili ya sauti ile ya usiku. Alikuwa ameitetea mbele ya mama yake. Kama sauti ile ilikuwa inatoka kitandani kwa mwanamke mwingine, basi miaka minne yote hakuwa na mume, alikuwa na redio.

Asubuhi Fundi alipokwenda kazini, Mwalimu akaamua kurudi kwao. Nguo alizikunja kwa utaratibu, akazipanga kitandani. Likabaki begi, na begi Fundi mwenyewe ndiye aliyelihifadhi, ndani ya lile kabati la korido.

Akaondoa ngazi, akafungua.

Begi lilikuwa mbele, juu ya makopo mawili matatu. Akalivuta. Nyuma yake hapakuwa na rafu wala makopo mengine. Kuta za kabati zilikuwa zimepigiliwa vipande vya godoro kuukuu, juu mpaka chini. Upande wa ndani wa mlango lilining'inizwa blanketi zito, limekunjwa mara mbili. Katikati palikuwa na ndoo ya rangi iliyopinduliwa, juu yake mto uliobonyea. Waya wa chaja ulipitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa mkono. Na usawa wa macho ya mtu aliyeketi ilibandikwa picha, Mwalimu na watoto wake wa chekechea, mmoja kamshika sketi.

Akaingia. Akaketi juu ya ndoo, magoti yakamgusa kidevu, na Fundi ni mrefu kuliko yeye. Nyuma ya kichwa, kwenye kitambaa cha godoro, palikuwa na doa jeusi la jasho na mafuta ya nywele, pale kichwa kilipoegemea usiku baada ya usiku. Akavuta mlango. Mngurumo wa lori lililokuwa chini barabarani ukakatika ghafla. Giza, na joto la kuchemsha mtu. Baada ya muda kidogo tu alianza kuhema.

"Haloo," Mwalimu akasema, kujaribu.

Sauti ikamrudia ikiwa ya chini, nzito, imezibwa. Aliijua. Aliisikiliza miaka minne.

Hapo ndipo Fundi alipomkuta jioni, mlango wa kabati wazi, begi tupu katikati ya korido, mkewe juu ya ndoo, macho yamevimba. Fundi akatua brashi zake sakafuni polepole.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwalimu akauliza.

"Ningeanzia wapi? Mtu mzima nimejikunja kabatini kama shuka." Akajaribu kucheka, kicheko kikamshinda. "Na ningekwambia, ungemwambia dada, dada angemwambia mama. Yeye alisema siku akisikia ngoma atakwambia usinisubiri. Nami nikapata chumba kimoja tu ninachokimudu, na chumba chenyewe ndicho hiki. Ningesema ni muziki wa jirani, nani angeniamini mimi, Disko? Wewe ungeniamini?"

Mwalimu alitaka kusema ndiyo. Alifungua mdomo kabisa. Lakini alikumbuka mwaka ule wa kwanza, mama akimwimbia kila siku kwamba wanaume wakivuka mpaka hubadilika, na yeye akianza kuyumba, na kilichomshika asianguke kikawa kile kimya cha usiku. Akaufunga mdomo.

"Na nilipofika?"

"Niliona aibu. Nilitaka nibomoe kabla hujaona, kila nikirudi wewe upo."

Mwalimu alimvuta kwa shati, akaegemeza paji la uso kwenye tumbo lake linalonuka rangi, akalia kwa furaha na kwa aibu yake mwenyewe. Baadaye walirudisha nguo mahali pake. Walikula. Ukumbi ukaanza, glasi zikaanza kugongana, na kwa mara ya kwanza walicheka pamoja.

Simu ya Mwalimu ikaita. Ilikuwa mama.

Walitazamana. Dada alikuwa ameshaifikisha habari, hilo halikuwa na shaka. Ng'ambo ya barabara ngoma zilikuwa zinapasua. Mwalimu akainuka, akapita korido akikimbia, akaingia kabatini, akavuta mlango na kushusha blanketi. Ndipo alipopokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Dada yako ameniambia yule Disko amekupeleka kwenye baa zake."

"Hapana, mama. Dada anakuza mambo. Mwenyewe unasikia."

Mama akatega sikio. Alisikiliza muda mrefu. Jasho lilimtiririka Mwalimu shingoni, na mbele yake gizani alijua wapo watoto wake, mmoja kamshika sketi.

"Mbona kimya hivyo?" mama akauliza, sauti imejaa shaka. "Na mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi tu, mama," akajibu.