Vidonge vya Adija

Tereza, marehemu mama yake Penina, alianza kuja mchana kweupe, saa ya ugali. Alikaa uani pale Nkuhungu, kanga kaibana kifuani vilevile alivyoibana mpaka kufa, akapepeta uwele usioonekana. Penina alimpita kando na sufuria yake mkononi. Angefanyaje? Mzimu haufukuzwi kwa mwiko.

Majibu ya Penina ya hospitali yalikuwa yametoka: saratani ya titi, aanze wiki hiyohiyo dripu ya dawa kali, ile inayopukutisha nywele. Lakini shoga yake Adija, wa nyumba ya pili, naye mwenye saratani ya titi, alikuwa anaendelea vizuri kwa vidonge tu, na nywele zake zote kichwani! Akamgawia. Ndivyo tulivyo jamani, chumvi tunagawana, na dawa tunagawana. Penina akameza kwa furaha. Uvimbe ukazidi kukua.

Mwishowe bintiye Ritha akamkokota mpaka kwa daktari, akaeleza na habari za vidonge vya Adija.

"Mama Ritha, ulipotelea wapi?" Daktari Frida alisikitika. "Saratani ya matiti si moja. Ya mwenzako inalishwa na homoni, vidonge vinaikatia chakula. Yako hailishwi na homoni, vidonge hivyo haivijui. Aina hii tunaiona zaidi kwetu Waafrika kuliko kwa Wazungu, na inawapata hata wasichana."

"Kwa hiyo ni ya sisi Wagogo? Adija kwao Wamanyema."

"Kabila halisemi, mama. Kinachosema ni kipimo. Kesho tuanze dripu, bado tunaweza kupambana. Na wakati mwingine inarithiwa: kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

Penina akahisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mama yake alipougua, nyumbani kwao Hombolo waliwaambia watu ni kifua kikuu, maana titi linalooza lingeitwa laana, na nani angeoa kwao?

"Hakuna," akasema.

Waliporudi, Ritha aliinama uani kuosha nywele. Tereza alikuwepo, ila safari hii hakupepeta kitu. Alisimama nyuma ya mjukuu wake, akaifungua kanga taratibu, akaanza kumfunga nayo Ritha kifuani.

Penina alipiga yowe. Sufuria ikamponyoka.

"Mama, kuna nini?"

"Vaa viatu!" Alikuwa analia. "Turudi kwa daktari sasa hivi, nimemdanganya. Bibi yako hakufa kwa kifua kikuu."