Ukiitwa, Itika

Ndoo ya tatu ndiyo iliyomshinda. Mbili za kwanza Bhoke alizipandisha kutoka mtoni hadi jikoni kwa kupumzika mara mbili njiani. Ya tatu aliitua kwenye kona ya shamba la tumbaku, akashika magoti, akavuta pumzi. Pumzi ikaingia na mluzi. Haukuwa mluzi wa kifua wala wa mafua, ulikuwa wa hewa inayojipenyeza mahali padogo. Aliujua. Mwaka huo huo, kabla ya mvua, mluzi kama huo ulimfikisha Kisumu akiwa amebebwa.

Kisumu walimlaza usingizi, wakamkata vinyama vilivyoota kooni, pale sauti inapotokea. Daktari alimweleza kwamba ni kama chunjua tu, zile za mkononi, ila zimechagua pabaya. Ni ugonjwa wa watu wachache sana, akasema, na si kosa la mtu. Akamwonya pia: vinyama hivi hukatwa, lakini hurudi. Vikirudi asikae navyo, kwa sababu njia ya hewa ikiziba hakuna muda wa kuitafuta hospitali.

Alirudi nyumbani Kehancha na sauti yake, akaitumia vizuri. Miezi minne aligombeza kuku, akaimba jikoni, akajibizana na majirani ng'ambo ya ua. Kisha sauti ikakwaruza, ikapungua, ikabaki mnong'ono. Wanawake wa mtoni wakampa jina, Mama wa Siri, na yeye akacheka nao bila mlio. Sasa, ameshika magoti kando ya tumbaku, hakucheka. Aliogopa. Aliogopa kufa amesimama, mchana kweupe, watoto wakiwa shuleni.

Barua ya kwenda hospitali kubwa sharti ianzie zahanati, hata kama kila mtu anajua zahanati haina la kufanya. Oliver, muuguzi wa pale, aliingiza namba ya kitambulisho cha Bhoke kwenye kompyuta, akangoja, akakuna kichwa. Alikuwa kijana mwema, na hilo halikusaidia kitu. Alimweleza kwamba mtambo wa bima unaonyesha ugonjwa wake ulishapasuliwa na kufungwa. Ugonjwa uliofungwa haufunguliwi tena ndani ya mwaka.

"Kompyuta inasema umepona, mama."

Bhoke alimwinamia, akavuta ile pumzi ya mluzi karibu na sikio lake.

"Mimi nasikia," Oliver akasema. "Yenyewe haisikii."

Basi akafanya kama wafanyavyo wote pale. Mtambo ukikataa ugonjwa mkubwa, mtu huingia na mdogo. Akaandika kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Nani upande ule asiyejua kimio? Nusu ya watoto wamewahi kukatwa na bibi fulani mwenye wembe kwa sababu ya kikohozi tu, na kompyuta nayo inakijua kimio, haikiulizi maswali. Barua ikatoka pale pale. Akifika hospitali ya Homa Bay, Oliver akamwagiza, amwambie daktari ukweli mwenyewe. Wote wawili waliona ni shauri zuri. Hakuna aliyeuliza atamwambia kwa sauti gani.

Daktari wa koo alikuja Homa Bay Alhamisi moja kila mwezi. Alihitajika mtu wa kumsemea. Mirumbe, mumewe, alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Nyatike, na alipopigiwa simu alisema anayetoka shimoni hata siku moja hukuta mwingine ameshuka mahali pake. Shemeji walikuwa na vichanga. Akabaki baba mkwe, Mzee Gichana.

Na hapo ndipo penye soni. Mkuria na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kuepukana: hawakai benchi moja, hawatazamani usoni, hawapeani mikono. Mzee Gichana hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe wake wa kulimia ndiye aliyeuzwa ili Bhoke afike Kisumu, na hakuwahi kulitaja. Alikubali kwenda. Kwenye gari alikaa mbele kabisa, Bhoke nyuma kabisa. Walipofika hospitalini akaona ukumbi una benchi moja refu, watu wamebanana bega kwa bega, akarudi nyuma. Akaenda kukaa kwenye ukingo wa simiti karibu na geti, mgongo kaupa mlango.

"Niko hapa, mama," aliuambia ukuta. "Ukinihitaji, niite."

Ndani, karani aitwaye Levis alisimama mlangoni pa daktari na orodha. Wenye magonjwa makubwa walitangulia, wa kimio na wa nta masikioni wakawekwa mwisho. Bhoke alikuwa wa kumi na tisa. Asubuhi ikaisha. Mwanamke kutoka Lambwe aliyekaa karibu naye aliusikiliza ule mluzi kwa muda, kisha akaziba pua kwa leso na kuhama. Huenda alidhani ni TB. Bhoke hakumlaumu. Alihesabu pumzi zake tu, akijizuia kuvuta kwa nguvu, maana akivuta kwa nguvu ndipo koo linapojibana zaidi.

Saa saba kasorobo alisikia jina lake.

"Bhoke Mirumbe!"

Akainuka. "Naam," akasema, ikatoka hewa. Akainua mkono, lakini mikono iliyoinuliwa na karatasi ilikuwa mingi. Akajipenyeza. Mwanamume mmoja akamshika shuka begani, akamwambia afuate laini, wote ni wagonjwa hapa. Bhoke akaonyesha koo lake, akajipiga kifua, akaonyesha mlango. Mwanamume akasema hata yeye ana koo. Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Levis akaita mara ya pili, akiangalia juu ya vichwa vyao. Akaita mara ya tatu. Kisha akaandika.

Bhoke alipofika mlangoni wino ulikuwa umekauka: Hakufika. Akaweka kitambulisho juu ya orodha.

"Nimeita mara tatu," Levis akasema. "Ukiitwa, itika."

Alifungua kinywa kumwambia. Levis akainama asikie, akakutana na ile pumzi, akajitoa haraka. Akasoma barua ya zahanati.

"Na ni kimio tu, mama. Kimio kinangoja. Rudi Alhamisi ya mwezi ujao."

Bhoke akamnyang'anya kalamu. Naam, alimnyang'anya, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpokonya mtu kitu. Akaandika nyuma ya barua: Si kimio. Walinikata Kisumu. Vimerudi. Sipumui.

Levis alisoma taratibu. Uso wake ukalegea, na kwa kitambo Bhoke aliamini amepona. Kisha karani akatazama huku na huku, akaikunja barua, akamrudishia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo basi barua hii ni ya uongo, na akimwingiza nayo ataulizwa yeye. Arudi zahanati, apewe barua ya ugonjwa wenyewe. Bhoke akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Nyuma ya Levis chumba cha daktari kilikuwa tayari kitupu, na mlango wake wa pili, unaotokea uani, ulikuwa wazi.

Akatoka nje. Hakuweza kukimbia, hewa ya kukimbilia hakuwa nayo. Alitembea huku ameshika ukuta, kisha nguzo, kisha hakuna kitu. Gari jeupe lilikuwa limekwisha geuza na kuelekea getini, daktari amekaa nyuma, simu sikioni. Bhoke akakata kupitia nyasini, akafika kabla yake kwa hatua chache, akasimama katikati ya njia.

Mzee Gichana alikuwa amesikia miguu, akageuka. Aliona mke wa mwanawe anakuja upande wake, kichwa wazi, kitambaa kimedondoka. Akafanya alilofundishwa tangu utotoni: akasimama, akainamisha macho, akampisha.

Bhoke alimwita. Alimwita kwa jina la heshima, baba, mara mbili, umbali wa hatua tatu, ikatoka hewa tu. Mzee aliendelea kutazama viatu vyake.

Dereva akapiga honi. Bhoke hakutoka. Akaweka mikono miwili juu ya boneti, akakielekeza kichwa kwenye kioo cha mbele, akaachama kwa upana wote, ulimi chini, kama alivyofundishwa Kisumu, ili aliye ndani aangalie. Daktari alikuwa bado anaongea na simu. Bawabu akaja mbio akimwambia mama atoke njiani.

Honi ikalia tena, ndefu. Mzee Gichana, macho bado chini, akasogea hatua moja zaidi, asije akawazuia kupita.