Mchawi Mwepesi wa Kuanzia

Tangu wamzike mama yake kule Mnyuzi, Shamsia hakuwa amedondosha chozi. Matangani watu walimsifu kwamba amejikaza. Wala hakujikaza, hakuhisi kitu, kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Siku arobaini zilipopita alirudi Korogwe kwenye cherehani yake, akaendelea kushona sare za shule.

Binamu yake Hafsa ndiye aliyemburuta Jumamosi moja hadi kwa Erasto, mwalimu wa kemia. Pale marafiki walikutana kucheza mchezo wa kuigiza: mezani dadu na karatasi, Erasto anasimulia safari, kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini.

"Mpe mchawi," Hafsa alisema. "Ila ndiyo kwanza anaanza, asiwe mgumu."

Erasto alikuna kidevu. "Wachawi wako watatu. Yule wa vitabu ana uchawi mwingi, na kila asubuhi lazima achague wa kubeba. Mgeni huchanganyikiwa. Wa kuzaliwa nao ana mchache, kama ule wa moto, lakini ukichagua vibaya mwanzoni umekwama nao. Mwepesi ni mponyaji. Huyo hata akikosea, kila mtu anamhitaji."

"Basi huyo," alisema Shamsia. Hata angeambiwa awe punda, angekubali.

Wakaingia pangoni. Jitu likamshushia rungu askari wa Hafsa, akaanguka.

"Anakata roho," alisema Erasto.

Wote wakamgeukia Shamsia.

"Niguse basi!" Hafsa alipiga kelele.

"Nafanyaje?"

"Sema tu unanigusa kuniponya, halafu rusha dadu."

Akasema, akarusha. Ikatoka moja.

"Inatosha," alisema Erasto. "Amefumbua macho. Ameinuka."

Meza nzima ikashangilia. Shamsia aliutazama mkono wake. Mwaka mzima mkono huo ulimgeuza mama kitandani, ukamnywesha uji, ukamfuta.

"Anainuka tu hivyo?"

"Ndivyo sheria zinavyosema," alijibu Erasto.

Hafsa akamshika bega. "Dada, twende nyumbani?"

"Hapana. Mwalimu, naweza kubadilisha? Nipe yule wa kuzaliwa nao. Mwenye moto."

"Nilikwambia uchawi wake mchache."

"Mmoja unanitosha."

Erasto aliweka kando karatasi ya mponyaji. Alichukua karatasi nyingine, akamwandikia.

Shamsia akalichoma jitu. Akachoma mlango. Akachoma na daraja walilotakiwa kuvuka.

"Sasa tunapitaje, wewe?" Hafsa alilalamika, wenzake wakavunjika mbavu. Ikabidi watelemke mtoni, wakapoteza mizigo yote majini. Shamsia hakucheka, lakini kila zamu yake ilipofika alikuwa tayari ameshika dadu.

Walitoka adhana ya magharibi ikisikika. Wakatembea hadi barabara ya lami.

"Umefurahi hata kidogo?" Hafsa aliuliza.

Shamsia alifikiri kwa uaminifu. "Sijui."

Wakapisha lori, wakavuka hadi nyumbani kwa Shamsia.

"Jumamosi mnacheza tena?"

"Tunacheza."

"Nipitie," alisema Shamsia, akafungua mlango wake na kuingia ndani.