Msomaji wa Neeta

Neeta alizaliwa Kisumu, akazeekea ughaibuni katika mtaa wa Edgbaston, na katika kuhama kwake kote hakuacha kupenda riwaya za Kiswahili. Macho yalipoanza kufifia, mwanawe Hemant alimtafutia msomaji. Ndivyo Goretti, mama wa Kikongo aishiye mtaa wa Kingstanding, alivyoanza kupanda basi kila Alhamisi kwenda kumsomea.

Walikuwa kwenye kisa cha mjane aliyependana na fundi saa. Neeta alimgombeza mjane kwa kumwamini shemeji yake, akamwombea fundi apone kifua, na fundi alipofariki alilia mpaka chai ikapoa. Goretti naye alilia. Kisha Neeta akapangusa pua, akamwambia aendelee.

Kilio hicho kilimtia Hemant hofu. Alikuwa amempeleka mama yake kwa daktari wa macho, na kwa kuwa Kiingereza cha mama kilikuwa cha dukani tu, yeye ndiye aliyetafsiri. Daktari alisema uoni wa katikati umeharibika na hautarudi. Hemant akatafsiri kwamba dawa ya matone itasaidia, avute subira. Jikoni alimweleza Goretti ukweli na kumsihi anyamaze. Mama anayemlilia hivyo mtu wa kitabuni, alisema, atayabebaje ya kwake?

Goretti aliitikia, ila moyo haukutulia. Alhamisi iliyofuata, kabla hajafungua kitabu, Neeta alimuuliza, "Goretti, macho yangu yatapona?"

Goretti akajibu kwamba mambo ya daktari anayajua Hemant.

"Hemant nimeshamsikia. Nakuuliza wewe."

"Hapana, Mama. Katikati hutaona tena. Pembeni utaendelea kuona."

Goretti alidhani kazi yake ya kusoma imekwisha. Lakini Neeta aliomba koti lake. Alitaka kwenda Alum Rock kuangalia vitambaa wakati rangi bado anazitambua.

Walizunguka maduka mchana kutwa. Neeta aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje, akabishana na muuzaji kama kitambaa ni kijani au buluu. Alishindwa, akakinunua hivyo hivyo. Kwenye basi walicheka mpaka abiria wenzao wakatabasamu bila kujua sababu.

Jioni Goretti mwenyewe alimwambia Hemant alichofanya. Hemant alikasirika, akaanza kumlaumu, lakini mama yake akamkatiza.

"Kitabuni nalia kwa raha zangu, mwanangu, maana najua ni hadithi. Maisha yangu usinitungie. Tena huna kipaji. Hayo matone sikuyaamini hata siku moja."

Hemant alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akaketi, akamweleza upya maneno yote ya daktari, safari hii bila kupunguza. Neeta aliuliza kama ataweza kupika, na kama ataweza kutembea peke yake. Hemant hakujua, akakiri hajui, na kesho yake wakapiga simu kuuliza pamoja.

Mwezi uliofuata Neeta alikuwa akijifunza kutumia fimbo nyeupe. Siku ya kwanza kutoka bila mwalimu, Hemant alimfuata kwa kunyata, akijificha nyuma ya miti ya mtaa. Mama yake alisimama bila kugeuka.

"Hemant, viatu vyako vinalia. Njoo tutembee pamoja, ama urudi nyumbani."

Hemant akatoka nyuma ya mti, akamshika mkono, wakaelekea barabarani.